Runinga Iliyouliza Nani Anatazama

Kila adhuhuri, bwana wa hali ya hewa alipotokea kwenye runinga na kuwasalimu watazamaji wake, Nyaguthii alimwitikia. Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vyema kwamba yule bwana alikuwa studioni huko mjini Washington, na kwamba hamwoni wala hamsikii. Lakini kwao Njoro salamu haiachwi ianguke chini, na katika nyumba ile ya Germantown, Amerika, saa hizo, hakukuwa na mtu mwingine wa kuidaka.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja juu, katika safu ya nyumba zilizoshikana mabega, zote za rangi moja, hata majuma ya mwanzo Nyaguthii aliotesha sukuma wiki katika ndoo na kuiweka mlangoni ili asije akaingia kwa watu. Asubuhi nyumba ilimwaga watu wake wote. Mwaura, mwanawe, alitoka mapema kuwahi treni ya mjini. Nkatha, mkaza mwanawe, aliendesha gari hadi kwenye makao ya wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha mama za watu wengine. Mjukuu wake Lorraine, msichana wa sekondari, alichukuliwa na basi la manjano huku masikio yameshazibwa kwa muziki. Kisha mlango ulifungwa, na Nyaguthii akabaki na sauti ya friji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyaguthii alikuwa na karibu miaka miwili pale na jembe hakuwa amepewa. Si kwamba walimnyima. Lenyewe halikuwapo. Nyasi zilikatwa na watu wa kampuni, vyombo vilioshwa na mashine, na nguo zikakaushwa na mashine nyingine. Mwanamke aliyepikia shule nzima ya bweni, aliyekuwa akikoroga sufuria kubwa kama pipa kwa mwiko mrefu kama mpini wa kasia, sasa alipika wali wa watu wanne na bado ukabaki.

Hivyo alijitafutia jembe lake, akalipata kwa bwana wa hali ya hewa. Alimtazama kwa makini akiipapasa ramani, akakariri, na jioni akaileta mezani.

"Mama, kesho kukoje?" Mwaura alikuwa akiuliza, bado amevaa koti.

"Chukua mwavuli. Mvua itakupata ukitoka kwa treni. Na wewe Mama Lorraine, barabara itakuwa na barafu asubuhi, usikimbize gari."

"Asante, Mama," Nkatha aliitikia.

Wote watatu walikuwa na hali ya hewa mifukoni, kwenye simu. Nyaguthii alilijua hilo. Wao nao walijua kwamba anajua, na kila jioni waliuliza.

Jambo moja tu lilikuwa halijakaa sawa. Mwaura alimwomba aamue kabla ya Pasaka kama atabaki Amerika moja kwa moja au atarudi nyumbani, kwa kuwa karatasi za ukaazi hazimpendi mtu wa kwenda na kurudi. Alimwomba kwa upole, kama mtu anayeweka sahani mezani bila kelele, na tangu siku hiyo hakuligusa tena. Nyaguthii alilibeba swali lile chumba hadi chumba. Kule Njoro alikuwa na shamba dogo, kaburi la mumewe, na ng'ombe mmoja aliyemwachia jirani yake Jerotich. Jerotich ndiye hakuwa na upole.

"Nyaguthii! Umekuwa Mwamerika hata simu hushiki?" alipiga kelele kutoka upande wa pili wa dunia.

"Nimeshika. Si unanisikia?"

"Utarudi ama hurudi? Niambie, nijue kama hii ng'ombe ni yako ama ni yangu."

"Ni yangu."

"Basi kuja uikame."

Nyaguthii alicheka, lakini alipokata simu alikaa akiitazama mikono yake. Kule alikuwa na vitu vinavyomwita kwa jina. Huku alikuwa na watu anaowapenda, na hakujua kama kumpenda mtu kunatosha kukufanya wa nyumba yake.

Ikawa mwezi wa pili, kampuni ya kebo ikapandisha bei tena, na Mwaura akasema basi. Siku ya Jumamosi alichomoa kisanduku cheusi kilichokuwa chini ya runinga, akakizungushia waya wake kama mtu anayemfunga mbuzi, akaenda kukirudisha. Aliporudi alikuwa na vitu viwili: kijiti kidogo cha kuchomeka nyuma ya runinga, cha kuleta vipindi kwa intaneti, na antena bapa kama karatasi ngumu, ya kunasa vituo vya mjini bila kulipia.

"Antena?" Nyaguthii alishangaa. "Tumerudi kwa antena?"

"Ndiyo, Mama. Sasa Amerika yote inarudi kwa antena."

"Baba yako aliweka ya kwanza pale Njoro juu ya mti wa mkaratusi. Angejua, angengoja."

Mwaura alizunguka nyumba nzima na simu yake, akiangalia minara iko upande gani. Minara ilikuwa mjini, kusini mashariki, na dirisha pekee lililoelekea huko lilikuwa la chumba cha Lorraine, ghorofani. Lorraine alisimama mlangoni pake mikono kifuani. Kiswahili alikielewa chote, lakini kama watoto wengi waliozaliwa huku, alijibu kwa Kiingereza. Alisema hataki waya upite chini ya mlango wake. Mlango hautafungika vizuri, na chumba kile ndicho mahali pake pekee. Mwaura alikuwa amechoka. Akaibandika antena kwenye dirisha la sebuleni, lililotazama nyuma, kwenye ukuta wa majirani na miti. Runinga ikatafuta vituo, ikapata kimoja cha mahubiri na kimoja cha Kihispania. Bwana wa hali ya hewa alitokea mara moja, akavunjika vipande kama sahani, akapotea mkono ungali hewani.

"Nitairekebisha, Mama," Mwaura alisema. "Kwa sasa tumia hii ya intaneti. Ukiwasha, itakuuliza ni nani anatazama. Bonyeza tu, uendelee."

Jumatatu, nyumba ilipokwisha kumwaga watu wake, Nyaguthii aliwasha. Kweli runinga ikauliza. Kiingereza cha swali lile hakikumshinda: nani anatazama? Chini yake palikuwa na duara nne, kila moja na picha ya katuni na jina. Mwaura. Nkatha. Ya tatu iliandikwa Wageni. Na ya nne, yenye picha ya simba jike aliyevaa taji, iliandikwa Nyaguthii.

Alisogea hadi karibu na kioo ili asome tena. Ndilo, herufi zote zipo, hata ile i ya mwisho ambayo makarani wengi waliisahau. Hawakuwa wamemtia katika wageni. Mwanawe huyu, anayetoka giza na kurudi giza, alikaa chini akaandika jina la mama yake, akamchagulia na simba. Nyaguthii aliibonyeza duara ile taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

Pengine msomaji atauliza: je, Lorraine hakuwa na duara? Nyaguthii hakujiuliza. Msichana alikuwa na simu, alikuwa na kompyuta, alikuwa na vioo vyake vya kutosha. Na jambo jingine hakuliwaza hata kidogo. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Lorraine alipozaliwa aliandikwa Lorraine Nyaguthii, na bibi yake akalia kwa furaha kwenye simu. Lakini jina lile halikuitwa. Shuleni Lorraine, kanisani Lorraine, mezani Lorraine. Nyaguthii alikuwa ameshakubali kwamba jina alilompa limewekwa kabatini, kama shuka nzuri inayongojea wageni wasiokuja.

Jioni alimwambia Mwaura, "Asante kwa lile jina."

Mwaura alikuwa anasoma ujumbe wa kazini. "Karibu, Mama," alisema, bila kuuliza ni jina gani.

Kesho yake alimpigia Jerotich mwenyewe. "Wameandika jina langu kwa TV."

"Nani?"

"Kijana wangu. Ukiwasha, inauliza ni nani anatazama, na mimi niko pale na wenye nyumba."

"Kwa TV ya Amerika?"

"Ya Amerika."

"Basi hurudi," Jerotich alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata ng'ombe na kupoteza jirani.

Nyaguthii hakumkanusha. Siku zile alitembea ndani ya nyumba kwa mwendo mwingine. Alihamisha mitungi ya viungo jikoni ikae anavyotaka yeye. Alimwambia Nkatha mapazia ya sebuleni yanahitaji kufuliwa, akayafua. Bwana wa hali ya hewa alimkosa, na mezani sasa aliulizwa habari za mvua akajibu, "Sijui, nimenyang'anywa macho." Lakini alisema akitabasamu.

Na ndani ya ile duara ya simba alikuta mambo. Cha kwanza kabisa, juu, kilikuwa mchezo wa kuigiza wa Kikorea uliokuwa umeanzwa tayari. Alidhani hivyo ndivyo runinga inavyomkaribisha mtu: inakuwekea kitu mbele kama mwenyeji anavyoweka chai. Akakinywa. Maneno ya Kiingereza yaliyopita chini yalikimbia kuliko macho yake, kwa hiyo akaacha kuyafukuza. Aliwatazama watu. Kulikuwa na kiwanda cha tambi, kulikuwa na ndugu wawili, na kulikuwa na kula kwingi. Naye alikuwa ametumia maisha yake akisimama nyuma ya sufuria akitazama watu wakila. Alijitungia nani ni nani, nani anamdanganya nani, na siku baada ya siku akaufuata mchezo hadi mwisho, akalia palipostahili.

Jumamosi iliyofuata wote walikuwa nyumbani. Nkatha alikuwa amenyoosha miguu kwenye kochi, Mwaura akipanga soksi. Lorraine alishuka na bakuli la bisi, akawasha runinga, na ghafla akapiga yowe.

"Nani amemaliza mchezo wangu?" Kwa hasira, hata Kiingereza chake kilijikwaa.

"Si mimi," Mwaura alisema. "Mimi naangalia mpira tu."

"Usinitazame," Nkatha alisema. "Nikikaa hapa nalala kabla haijaanza."

"Kwani ni mchezo gani?" Nyaguthii aliuliza kutoka jikoni.

"Ule wa Korea! Wale ndugu wa kiwanda cha tambi! Nilikuwa nimefika katikati kwa simu!"

Uso wa Nyaguthii ukang'aa. Akatoka akifuta mikono. "Huo ni wangu. Nimeumaliza juzi. Ni mzuri sana. Yule mkubwa, mwishoni..."

"Shosho, usiseme!" Lorraine alimkatiza bibi yake.

Mwaura aliweka soksi chini. "Mama, ukiwasha TV unabonyezanga gani?"

"Yangu."

"Yako ni gani?"

"Hiyo imeandikwa Nyaguthii. Ya simba."

Hakuna aliyecheka. Laiti mmoja wao angecheka.

"Mama," Mwaura alisema, "hiyo ni ya Lorraine. Aliiandika mwenyewe hivyo. Yako haiko."

"Haiko?"

"Nilisahau. Nilidhani wewe utatumia antena. Lakini ngoja, ni kitu cha dakika moja." Alishika rimoti, akaanza kubonyeza haraka haraka kama mtu anayezima moto. Ikatokea duara mpya. Akaandika Shosho. Runinga ikamtaka achague picha, naye akachukua ya kwanza iliyokuja.

Nkatha alikaa wima. "Mwaura! Bundi?"

"Ana miwani," Mwaura alijitetea.

"Bundi kwa mama yako? Kwenu bundi akilia juu ya paa si watu wanaanza kununua sanda?"

"Nitabadilisha!"

"Acha," Nyaguthii alisema. "Ni sawa. Asante." Akarudi jikoni.

Alisimama mbele ya mitungi aliyoipanga mwenyewe. Haikuwa runinga iliyomuuma. Alikuwa ameshukuru kitu ambacho hakupewa. Alikuwa ametangaza hadi Njoro. Alikuwa ametembea ndani ya nyumba ya watu kwa kiburi cha mwenye nyumba, akafua mapazia ambayo hakuna aliyemwambia ni machafu, na wakati wote huo wenyewe, walipohesabu nani anatazama, hawakumhesabu. Si kwa ubaya. Ubaya ungekuwa rahisi, kwani mtu hugombana nao. Walimsahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli siku isiyo na mvua.

Wakati wa kula, alipokuwa anakata ugali na kuweka kwenye sahani ya Mwaura, alisema, "Nikatie tiketi ya mwezi wa nne."

Mwaura alimtazama, kisha akaitazama sahani. "Kwa sababu ya TV, Mama?"

"TV ni nini? Nimeamua. Si uliniambia niamue?"

Lorraine alisukuma kiti chake nyuma, akapanda ngazi bila kumaliza chakula.

Juma lililofuata Nyaguthii hakuwasha runinga. Bundi mwenye miwani alibaki ndani humo gizani na nyumba yake tupu. Siku moja katikati ya juma barafu ikaanza kunyesha mapema na shule zikafungwa mchana. Yule bwana wa hali ya hewa angemwambia tangu jana, lakini sasa hakujua, hivyo mlango ulipofunguka alishtuka. Lorraine aliingia, nywele zimelowa, akamkuta bibi yake amekaa mbele ya kioo cheusi akichambua maharagwe.

Msichana alivua viatu polepole mno. "Shosho," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajaribu kwa Kiswahili. "Umekasirika na mimi?"

"Hapana."

"Basi kwa nini hu-use ile yako? Naweza toa huyo bundi. Naweza weka ng'ombe."

"Usimsumbue bundi. Si yeye amenifukuza."

Lorraine alikaa chini kwenye zulia, akachukua maharagwe machache, akayageuza geuza mkononi bila kujua zuri ni lipi. Barafu iligonga madirisha. Hatimaye udadisi ukaishinda aibu. "Okay. Niambie tu. Nani alipata kiwanda?"

"Ulisema nisiseme."

"Sasa sema."

"Alipata yule mkubwa, baada ya kumpata baba yake."

"Baba gani? Baba yake alikufa kwa episode ya kwanza."

"Si yule aliyekufa. Yule mzee wa kofia."

"Shosho, huyo ni landlord."

"Ni baba yake. Hukuona vile wanashika bakuli? Sawasawa. Na yule msichana wa hospitali ni dada yao."

"Huyo ni girlfriend yake!"

Nyaguthii aliacha maharagwe. "Wacha mchezo. Walishikana mikono mbele ya jamaa wote."

"Ndiyo! Kwa sababu ni girlfriend!"

"Mungu wangu," Nyaguthii alisema, "na mimi nilikuwa nikisema hii familia inapendana." Akaanza kucheka, na Lorraine akacheka hadi akalala chali kwenye zulia. Ilibainika kwamba Nyaguthii alikuwa ametazama mchezo mwingine kabisa, wa baba aliyepotea na dada mwaminifu, mchezo ambao hakuna Mkorea aliyewahi kuuigiza. Lorraine alifuta machozi, akachukua rimoti, akawasha. Duara tano zikatokea. Akabonyeza simba, akarudisha mchezo hadi pale alipokuwa ameachia, akakaa miguuni pa bibi yake.

"Nitakusomea," alisema.

Akamsomea. Alitafsiri maneno yaliyopita chini, akayaweka katika Kiswahili chake chenye vipande vya Kiingereza ndani kama mawe katika maharagwe. Wakati mwingine alisimamisha picha.

"Anasema ako na... ile kitu unasikia ukishafanya mbaya na huwezi rudi. Inaitwaje?"

"Nionyeshe uso." Nyaguthii alitazama. "Majuto."

"Majuto. Anasema ako na majuto mingi."

"Hata mimi ningekuwa nayo, na dada yangu ni mpenzi wangu."

"Shosho!"

Baadaye, mchezo ukiwa umesimama na chai mkononi, Nyaguthii aliuliza lililokuwa likimkaba. "Kwa nini uliandika Nyaguthii? Hakuna anayekuita hivyo."

Lorraine aliinua mabega. "Ndiyo maana. Lorraine inasemwa na kila mtu. Hii hakuna mtu shuleni anaweza kuisema. Walimu wanajaribu, wanaacha. So ni yangu peke yangu."

"Peke yako!" Nyaguthii alijipiga paja. "Mimi nimelivaa tangu kabla baba yako hajazaliwa. Limepauka kwenye mabega, nikakuvalisha. Unajua mambo ya wajina? Mtu akimpa mtoto jina lake, huyo mtoto ni yeye. Ulipokuwa mdogo mama yako akikugombeza nikisikia kwa simu, nilikuwa nikimwuliza, mbona unanigombeza mimi?"

Lorraine alifikiri juu ya hilo kwa muda, akiwa amekunja uso kama anavyofanya kwenye hesabu. Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza, kwamba kama ni hivyo basi bibi yake hakukosea. Hakuingia kwa mtu mwingine.

"Sema kwa Kiswahili," Nyaguthii alisema. Alikuwa amesikia vizuri. Alitaka tu kusikia tena.

"Hukukosea. Ni yako pia. Lakini Shosho, usiwahi endelea bila mimi. Bus inanileta saa tisa. Unaningoja. Sawa?"

"Nikungoje?" Alipaliwa na chai, akakohoa. "Nitakungoja, sawa."

"Promise?"

"Nimesema sawa."

Kuanzia siku hiyo saa tisa ikawa na uzito katika nyumba ile. Nyaguthii alikaa na mchezo uliosimama, mtu mdomo wazi kwenye kioo, na hakuubonyeza. Mara moja alishawishika, akajizuia kwa kwenda kupiga deki choo. Lakini kuhusu tiketi hakusema neno, wala Mwaura hakuuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaamua.

Jumamosi Lorraine ndiye aliyeshuka akamwambia baba yake kwamba antena inaweza kuwekwa dirishani mwake, mlango ukiwa wazi kidogo mchana. Mwaura alimtazama kama aliyeambiwa kwamba mto umegeuka.

"Si ulikataa?"

"Shosho haoni mtu wake wa mvua," alijibu, kana kwamba hiyo ni sababu inayojulikana na wote.

Wakapitisha waya ngazini, wakaubana kando ya ukuta. Lorraine alikaa juu na antena mkononi. Mwaura alisimama katikati ya ngazi kupitisha maneno. Nyaguthii alisimama mbele ya runinga, mikono kiunoni, mahali pale pale ambapo kila nyumba yenye antena huweka mtu mwenye sauti kubwa.

"Kulia!" alipiga kelele.

"Kulia kwangu ama kwako?" ilijibu sauti kutoka juu.

"Kwako! Rudi! Umepita! Polepole, hukami ng'ombe!"

"Hapa?"

"Hapo! Hapo hapo! Usipumue!"

Vipande vikashikana. Vituo vya mjini vikaja kimoja baada ya kingine, na mwishowe bwana wa hali ya hewa akasimama mbele ya ramani yake, mzima, akaanza kueleza habari za upepo.

"Ameingia?" Lorraine alipaza sauti kutoka juu. "Shosho! Ameingia?"

"Ameingia! Bandika!"

Mwaura alikuwa bado kwenye ngazi. Alikuwa amekaa, kichwa kimeegemea ukuta, akimsikiliza binti yake akiongea Kiswahili kwa kelele ndani ya nyumba yake. Alishuka, akaja akasimama kando ya mama yake.

"Mama, nilipaswa kuandika jina lako siku ya kwanza," alisema. "Sina la kusema."

"Ulikuwa umechoka."

"Nimechoka kila siku. Si sababu." Alitoa simu mfukoni, akaishika bila kuifungua. "Ile tiketi. Nimetafuta, kuna ndege ya mwezi wa nne. Sijalipa. Kama bado unataka, nitalipa leo. Sitaki ukae kwa kunihurumia."

Nyaguthii aliliwaza shamba lake, na aliliwaza kaburi ambalo Jerotich angelipalilia bila kuombwa, akinung'unika. Lilimuuma, na aliliacha limuume. Juu waliweza kusikia hatua za msichana, utepe ukichanwa kwa meno.

"Usilipe," alisema. "Mtoto akiteremka kwa basi saa tisa, nani atakuwa hapa?"

Mwaura alirudisha simu mfukoni. "Ni sababu hiyo moja tu, Mama?"

"Kwani wewe ulitaka ngapi?"